Maji ya Bati la Bluu

Ukitaka kujua kwa nini Hilaria hakumpenda Ngolo, usianze na maji. Maji yalikuja baadaye. Anza na Mercy.

Mercy alikuwa nesi, msichana mwembamba aliyehamishiwa Mpanda akiwa na mimba ya miezi sita. Mume wake alikuwa dereva wa lori, leo Kigoma, kesho Tabora. Alipotafuta chumba mtaani Nsemulwa, watu walimwelekeza kwa Mama Selestine, mjane wa Kifipa mwenye nyumba ya vyumba vitatu. Huyo ndiye Hilaria. Alimpa Mercy chumba cha pembeni, kile chenye dirisha la mashariki, kwa sababu aliona mwenye mimba anahitaji jua la asubuhi.

Mtoto alipozaliwa aliitwa Agape. Hilaria ndiye aliyemkanda mzazi kwa maji ya moto, akampikia uji wa ulezi, akambeba mtoto mgongoni mama yake alipokuwa zamu. Hakuna aliyemwomba. Na Mercy hakuwa mtu wa kupokea tu. Akirudi kazini, hata kama miguu imemvimba, alipitia kwanza kwa Hilaria kumpima presha. Jumapili baada ya misa alimkata kucha za miguu, maana kiuno cha Hilaria kilikuwa kimeacha kuinama kama zamani. Waliishi hivyo miaka miwili.

Halafu Ngolo akamaliza nyumba yake.

Kiwanja chenyewe kilikuwa zamani shamba la maharage la Hilaria. Telesphor, marehemu mume wake, alikiuza alipougua. Mnunuzi alikuwa huyo Ngolo, mama wa Kisukuma ambaye wazazi wake walishuka na ng'ombe kutoka Shinyanga yeye akiwa bado anabebwa, wakatua upande wa Majimoto. Sasa Ngolo alikuwa na mashine ya kukoboa mpunga huko Majimoto, duka la mchele Majengo alikoishi, na hii nyumba ya kupangisha ya Nsemulwa. Nyumba yenye bati la bluu, vigae sakafuni, maji ya bomba jikoni, na choo cha ndani.

Mercy akahamia.

"Mama, sihami," alisema huku analia. "Nasogea tu. Ni kwa ajili ya mtoto, choo kiko ndani, maji yako ndani..."

"Nenda, mwanangu. Nenda," Hilaria alimjibu, na akamsaidia kubeba godoro hadi mlangoni kwa Ngolo. Kutoka mlango wake hadi mlango ule zilikuwa hatua kumi na nane. Alizihesabu wakati wa kurudi. Kisha akakaa kwenye kitanda kilichobaki kitupu.

Jioni hiyo hiyo akahamishia nguo zake chumba kile cha pembeni. Alijiambia ni kwa sababu ya jua. Ukweli ni kwamba dirisha lake lilikuwa karibu na nyumba ya bluu, na kupitia hapo aliweza kumsikia Agape akiongea.

Sasa ndiyo tuje kwenye maji.

Mwaka wa kwanza hapakuwa na tabu. Gata ilizunguka bati lote, maji yakashuka kwa bomba moja na kuingia kwenye tanki kubwa jeusi lililokaa kati ya nyumba mbili. Mwezi wa tisa mwaka uliofuata, Ngolo alihitaji tanki kule mashineni. Akaja na gari, akalipakia, akaondoka. Bomba lilibaki limekatwa kwa juu, mdomo wazi, umeelekea chini ya dirisha la Hilaria.

Mvua za Novemba zilipofika, maji ya bati zima yalitokea kwenye mdomo ule mmoja na kupiga ukuta wa Hilaria mahali pamoja. Ulikuwa ukuta wa tofali mbichi. Telesphor alizifyatua mwenyewe, akazianika, akazigeuza moja moja kama mtu anayegeuza mikate, na juu yake wakapaka lipu nyembamba. Mvua ya kawaida ukuta huo uliuzoea, lakini maji ya kumwagwa kwa bomba hayakuwa mvua ya kawaida.

Selestine, mwanawe wa pekee, alikuwa akipiga simu kutoka Tunduma.

"Mama, nyumba ikoje?"

"Imesimama."

"Nakwambia tena. Ukianguka ukuta hata mmoja, nakuja kukuchukua. Safari hii sibishani na wewe."

Hilaria hakutaka kwenda Tunduma. Kaburi la Telesphor lilikuwa Mpanda, jumuiya yake ilikuwa Mpanda, na ingawa hakumwambia mtu, Agape alikuwa Mpanda. Kwa hiyo ukuta ule ndio uliomshikilia. Ukiondoka, na yeye anaondoka.

Ungedhani basi angemwendea Ngolo mara moja na kumwambia tengeneza bomba lako. Na kweli alimwambia. Ila alimwambia namna yao.

Kwa Hilaria na Ngolo, Mfipa na Msukuma ni watani. Mtani akikutukana unacheka. Akikuchukulia kuku, unatafuta siku ya kumchukulia mbuzi. Anayekasirika ndiye aliyeshindwa. Tangu siku ya kwanza wawili hao hawakuwahi kusalimiana kwa heshima, na mtaa mzima uliwapenda kwa hilo. Ngolo alipofika kila Jumamosi kuangalia nyumba yake, amekaa nyuma ya bodaboda na kidumu cha maziwa mapajani, watu walitoka nje kusikiliza.

"Mwangaluka, Msukuma!" Hilaria alianza Jumamosi moja, kwa salamu ya Kisukuma. "Naona wale ng'ombe wako umewapandisha kwenye bati. Wanakojolea ukuta wangu kutwa, hawapumziki!"

Ngolo alicheka hadi akashika magoti. "Si uoge basi, Mfipa! Maji yamekufuata hadi dirishani na bado unanuka moshi!"

Watu walicheka, na Hilaria akacheka. Mercy, aliyekuwa anaanua nguo, alitabasamu kidogo tu, kisha akatazama bomba.

Jumamosi nyingine akamwambia, "Msukuma, kila tofali langu linaloyeyuka unanilipa ndama."

"Ndama kwa donge la tope? Chukua ndama, mama, uniachie nyumba nzima!"

Na mara ya tatu, mvua zilipokuwa zimekolea, alimwambia, "Nyumba yangu ikianguka nahamia kwako, kitandani kwako."

"Karibu. Utamkuta mume wangu anakoroma. Mchukue, mimi nimechoka naye!"

Hapo hata mwendesha bodaboda aliangusha kofia kwa kucheka. Ngolo akapanda, akaondoka, na bomba likabaki vile vile.

Hilaria angeweza kusema wazi. Kilichomzuia ni kwamba alijua moyoni mwake mna nini. Kila alipolitazama bati lile la bluu, roho ilimuuma. Kila aliposikia Mercy anasema "Mama Ngolo kaleta mchele", "Mama Ngolo kasema atapaka rangi", ilimuuma zaidi. Aliona kwamba akienda kulalamika kwa sauti ya kweli, wivu utatoka pamoja na malalamiko, na watu watauona. Watasema, yule mama anamwonea Ngolo kijicho. Na watakuwa hawajakosea. Kwa hiyo alijificha ndani ya utani, mahali ambapo hakuna anayekuchunguza uso.

Kuna Jumamosi moja iliyomuumiza kuliko zote. Bodaboda ilisimama, na Agape, aliyekuwa na miaka mitatu na nusu, akatoka mbio.

"Bibi! Bibi kaja!"

Hilaria alikuwa amekaa kizingitini anachagua maharage kwenye ungo. Alinyanyuka nusu, mikono tayari. Mtoto akampita, akaenda kukumbatia miguu ya Ngolo na kidumu chake cha maziwa.

Hilaria akakaa tena. Alichagua maharage yale hadi akatupa hata mazima.

Tangu siku hiyo akaanza kufunga pazia. Alipomsikia Mercy anapita, alijifanya amelala. Mercy alibisha hodi na kipimo chake cha presha mkononi. "Niko sawa, mwanangu, kapumzike," Hilaria alijibu kutoka ndani bila kufungua. Kucha za miguu zikarefuka.

Na akaona jambo lingine lililomzidishia donge. Kila mvua ilipoanza, Mercy alitoka na ndoo mbili na karai, akakinga chini ya lile bomba. Hilaria alichungulia kwa upenyo wa pazia. Mtu ana maji ya bomba jikoni na bado anagombania ya mvua! Amekaa kwa tajiri naye ameanza kutamani kama tajiri. Hivyo ndivyo alivyojisemea, na akafunga upenyo asione zaidi.

Mwanzoni mwa mvua alikuwa amepanga mawe chini ya ukuta na kuegemeza kipande cha bati kuukuu. Mwezi wa kwanza maji yaliyasukuma mawe na kuliangusha lile bati. Hilaria aliliona limelala kwenye matope. Ilikuwa kazi ya dakika tano kulirudisha. Hakulirudisha.

"Acha uanguke," alisema peke yake.

Alianza hata kuona jinsi utakavyoanguka. Utaanguka Jumamosi, mchana, watu wakiwa nje. Ngolo atakuwa ndiyo kwanza anashuka kwenye bodaboda. Ataweka mikono kichwani, na mtaa mzima utamtazama yeye na bati lake. Mercy naye ataona ni mtu wa namna gani aliyemkimbilia. Wazo hilo Hilaria alilinyonya polepole kama peremende, na lilipokuwa mdomoni hakukumbuka Tunduma.

Siku mbili baadaye aliona bati limerudishwa mahali pake na mawe yamepangwa. Alidhani ni mpita njia tu. Hakujishughulisha.

Asubuhi moja ya Jumanne, mvua ikiwa imepumzika, mlango ulisukumwa na Agape akaingia bila hodi, kama alivyokuwa akiingia zamani kabla ya mapazia. Hilaria alikuwa anakunja nguo. Mtoto akapanda kitandani, akakaa na mgongo wake ukutani, mahali pale pale alipokuwa akilala mchana akiwa mchanga.

"Umekuja kufanya nini?" Hilaria aliuliza, akijaribu kununa.

"Nimekuja," alisema Agape, kana kwamba hilo linatosha.

Hilaria aliendelea kukunja nguo. Kuna ukimya ambao kila aliyelea mtoto anaujua, ule wa mtoto anayefanya jambo. Akageuka.

"Bibi, ukuta wako laini," Agape alisema. "Kama ugali."

Kidole chake cha shahada kilikuwa kimezama ukutani hadi kiungo cha pili.

Hilaria alimvuta mtoto kwa nguvu hadi akaanza kulia. Alisogeza kitanda. Nyuma yake lipu ilikuwa imevimba kama tumbo, na ufa ulishuka kutoka dirishani hadi sakafuni. Udongo ulionata kwenye kidole cha Agape ulikuwa mbichi, baridi, kama siku ulipochimbwa. Alisimama pale amemshika mtoto kifuani, na ile peremende aliyoinyonya wiki zote ikawa uchungu. Alikuwa ameutakia ukuta uanguke, na hakujiuliza utaanguka juu ya nani.

Alimrudisha Agape kwa mama yake bila maneno mengi, akafunga chumba kwa kufuli, akaenda kwa mwenyekiti wa mtaa.

Mwenyekiti aliitwa Anicet, mtu wa miaka hamsini hivi, mpole, aliyekuwa na genge dogo. Alikuwa anajaza upepo baiskeli yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nimekuja kushtaki."

"Unamshtaki nani?"

"Mercy."

Anicet aliacha pampu. "Mercy nesi? Aliyemchoma mke wangu sindano usiku wa Pasaka bila kutaka hata ahsante? Amefanya nini?"

"Maji ya nyumba anayokaa yananibomolea ukuta."

"Mama, Mercy ana bati?"

"Anakaa chini yake."

"Akihama kesho anaondoka nalo?" Anicet akajijibu mwenyewe. "Haondoki nalo. Bati ni la Ngolo, gata ni ya Ngolo, na yule aliyekata bomba na kuchukua tanki ni Ngolo. Mpangaji kazi yake ni kumwambia mwenye nyumba kwamba kitu kimeharibika. Kutengeneza ni kwa mwenye nyumba. Na kama kimemharibia jirani, kumtengenezea jirani pia ni kwake. Hata nikiandika barua sasa hivi, inakwenda Majengo. Haiendi kwa nesi."

Hilaria alitazama vidole vyake. Alijua hayo yote. Angeweza kuyasema mwenyewe. Ila alipotoka nyumbani, miguu ilimpeleka kumshtaki yule aliyemuuma zaidi.

"Umeshamwambia Ngolo?" Anicet aliuliza.

"Mara tatu."

"Akasemaje?"

"Alicheka."

"Alicheka." Anicet alimtazama, naye akawa anakumbuka kitu. "Mama, ulimwambia, au ulimtania? Maana Jumamosi ile ya ndama na mimi nilikuwepo. Nilicheka mpaka nikasahau sukari niliyotumwa. Sikujua kama palikuwa na ukuta mle ndani."

Hakumcheka. Alimletea kigoda. "Nenda ukamwambie kama mtu mzima na mtu mzima. Akikataa, urudi hapa, nitaandika na nitampa siku. Lakini kwanza asikie."

Hilaria hakufika nyumbani kabla ya mvua. Ilimkuta karibu na mlango wake, akajibanza kwenye baraza la dada msusi aliyekaa ng'ambo ya barabara. Kutoka hapo aliona vizuri nafasi iliyopo kati ya nyumba yake na nyumba ya bluu. Alikuwa hajawahi kuiona kutoka upande ule.

Mercy alikuwa pale. Alikuwa bado na gauni jeupe la kazi, kitenge kichwani, miguu mitupu. Aliweka ndoo moja chini ya bomba, na ya pili iliyojaa akaibeba kwa mikono miwili akikimbia. Hilaria alitegemea aingie nayo ndani. Hakuingia. Alikimbia hadi mtaro wa barabarani, akaimwaga yote, akarudi mbio ndoo nyingine isifurike. Akamwaga tena, akarudi. Ukuta wa Hilaria haukupata hata robo ya maji yale.

"Anafanya nini yule?" Hilaria aliuliza, ingawa alikuwa anaona.

"Si ndiyo kazi yake kila mvua," alisema msusi bila kuacha kusuka. "Akiwa zamu ananiomba mimi. Nimekwenda mara mbili, mgongo ukaniuma. Nilimuuliza, dada, maji ya mvua yanakuhusu nini? Akasema, ukuta ule ni wa mama yangu."

"Mbona hakuniambia?"

Sasa msusi alinyanyua macho. Hakuwa na ubaya. "Anasema siku hizi ukimwona unafunga pazia."

Hilaria alivua viatu, akavuka barabara kwenye mvua. Alifika Mercy akiwa ameinama, akashika ndoo upande wa pili wa mshikio.

"Mama! Utaloa!"

"Nimeshaloa."

Walibeba pamoja. Hilaria alikuwa mzigo kuliko msaada, maana alikwenda polepole na ndoo ya pili ikafurika, lakini Mercy hakumwambia aache. Mtaroni Hilaria alisema, "Nilidhani unakinga ya kwako."

"Ya nini? Ninayo ndani." Mercy alijifuta uso. "Nimempigia Mama Ngolo mara mbili. Anasema fundi atakuja. Mara ya pili akaniambia, mbona Mfipa mwenyewe analifanyia utani, lingekuwa baya si angelia?"

"Na bati kuukuu, ni wewe uliyelirudisha?"

"Nilidhani limeanguka kwa bahati mbaya," Mercy alisema.

Hilaria aliinamia ndoo, na mvua ikamsaidia kuficha uso.

Kesho yake alivaa kitenge cha kwendea kanisani akatembea hadi Majengo. Ngolo alikuwa dukani kati ya magunia ya mchele, na wateja wawili wanawake. Alipomwona alipiga makofi.

"Jamani, njooni muone! Mfipa kafuata harufu ya mchele kutoka Nsemulwa! Ule ugali wenu mweusi wa ulezi umekushinda?"

Wanawake walishaanza kucheka, wakimsubiri Hilaria arudishe. Hilaria alisimama mbele ya meza. Maneno ya kurudisha yalimjia, matatu kwa mpigo, tena mazuri. Aliyameza.

"Mfipa, umekatwa ulimi?"

Hakujibu. Wateja wakatazamana. Ngolo akatupa jingine, jepesi kidogo, kama mtu anayejaribu mlango, na hilo nalo likaanguka chini. Cheko lake likapungua, kisha likaisha. Akatoka nyuma ya meza, akafuta mikono kwenye khanga. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu wafahamiane, akainama kidogo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Mama Malale," Hilaria aliitikia, akimwita kwa jina la mtoto wake.

Ngolo alimpa kiti, na wateja wakaondoka wenyewe.

"Kuna msiba?"

"Bado," Hilaria alisema. "Bomba lako ulilokata linamwaga maji ya bati lote kwenye ukuta wangu. Ukuta umelainika. Jana Agape ameutia kidole ukazama. Ukuta ukianguka, Selestine ananihamisha Tunduma. Nakuomba utengeneze bomba na utengeneze ukuta. Ni hilo tu. Sitanii."

Ngolo alikaa juu ya gunia. "Mbona hukuniambia?"

"Nilikuambia mara tatu."

"Ulinitania mara tatu! Mtu anakwambia ng'ombe wanakojoa kwenye bati, wewe utaleta fundi au utaleta ndoo ya kukamulia?" Alikuwa amekasirika, na hasira ile ilikuwa na haki yake nusu. Kisha ikamwishia. "Hata hivyo Mercy alinipigia. Mara mbili. Nikasema fundi, nikarudi kwenye mpunga." Alishika shavu. "Lakini wewe, mama mzima, kwa nini usiniite pembeni?"

Hilaria alikuwa amejiandaa na jibu la heshima, kwamba hakutaka kusumbua. Alipofungua mdomo likatoka jingine.

"Nilikuonea wivu. Ulinichukulia Mercy. Na mtoto anakuita bibi. Nikasema acha ukuta uanguke watu wakuone."

Nje mtu alikuwa anapakia magunia kwenye baiskeli.

"Uliitakia nyumba yako mwenyewe ianguke ili mimi niaibike."

"Ndiyo."

"Mama, wewe ni hatari." Hakuwa anacheka, lakini hakusogea mbali naye. Alisimama, akachungulia nje, akarudi. "Wivu siwezi kuutengeneza, huo utaubeba mwenyewe. Lakini bati ni langu na maji yake ni yangu. Ukuta niliouloanisha nitaujenga. Usilale tena chumba kile. Fundi atakuwa kwako kesho, na nitakuja naye, asije akachelewa akasema ni mvua."

Na kweli walikuja. Fundi Manyanda aliigonga lipu kwa kiganja tu, ikadondoka yote. Alisimamisha miti kubeba paa, akatoa zile tofali zilizolowa moja moja. Zile za Telesphor zilizokuwa bado nzima Hilaria alimwomba aziweke kando, na Manyanda alizirudisha juu kabisa, chini ya dirisha, mahali ambapo maji hayafiki. Chini alipanga tofali za kuchoma na saruji. Ngolo alileta tanki jipya, akasimama juani na mwavuli hadi bomba likaunganishwa, akamwaga mwenyewe ndoo ya maji kwenye gata kuangalia kama yatakwenda yanakotakiwa.

Siku tatu hizo Hilaria alilala kwa Mercy, kwenye vigae. Agape alijilaza kando yake na kumwekea mguu tumboni. Choo cha ndani kilikuwa kizuri kweli. Hilaria alikitazama siku ya kwanza kwa chuki, ya pili kwa udadisi, ya tatu alikipiga deki. Jioni hiyo Mercy alikaa chini na kiwembe na beseni la maji ya uvuguvugu, akauchukua mguu wa Hilaria mapajani bila kuuliza.

"Zimekuwa kama za kunguru," alisema.

"Zilikuwa zinakusubiri wewe."

Selestine alipiga simu. "Mama, nasikia ukuta umebomoka! Nakuja Jumapili."

"Umebomolewa, haujabomoka. Mwenye bati anaujenga. Ukija Jumapili, njoo kula, kisha urudi kwako."

Jumamosi ilipofika Hilaria alikaa kizingitini na ungo wake, roho juu. Aliogopa kwamba ile shikamoo ya Majengo ndiyo ingebaki kati yao sasa. Bodaboda ilisimama. Ngolo alishuka, akaweka kidumu chini, akamtazama muda mrefu.

"Mfipa," alisema, "umelala kwangu siku tatu. Vigae vyote vipo?"

Hilaria akapumua. "Vimebaki viwili, Msukuma. Nimekuachia uandalie michembe yenu, viazi vyenu vikavu."

Mtaa ulicheka, na Anicet, aliyekuwa anapita na baiskeli, akacheka akiwa ameshika sukari yake safari hii.

"Bibi! Bibi kaja!" Agape alitoka mbio, akampita Hilaria, akaenda kwenye maziwa. Hilaria alihisi lile donge likijigeuza pale pale lilipokaa. Halikuwa limeondoka. Lilikuwa dogo tu, kama kokoto kwenye kiatu, na mtu anaweza kutembea nalo.

Mtoto alikuja na kikombe chake kimejaa hadi ukingoni, anatembea taratibu asimwage, akapita mlangoni hadi chumba cha pembeni. Hilaria alimfuata. Agape alipanda kitandani, akampa kikombe amshikie, akageukia ukuta mpya. Akanyoosha kidole na kusukuma kwa nguvu zake zote, ulimi nje.

"Bibi," alisema, "hakiingii."

"Hakiingii," Hilaria alisema, akakaa karibu naye, mgongo ukutani, akinywa maziwa yaliyokuwa yametaka kumwagika.